Nyumba Iliyorudi Nyuma Mara Tatu

"Kumbe tunalala kwenye kiwanja cha Mjomba Mastur! Sote! Baba, Mama, mimi, na kuku wetu kumi na mmoja!"

Ndivyo nilivyopiga kelele siku ile. Mama akaniambia, "Mina, shusha sauti, majirani wana masikio." Ningeishushaje? Miaka ishirini na miwili nimelala kwenye nyumba ile. Nimekwenda chuo, nimerudi, sikujua!

Ngojeni niwaeleze vizuri.

Nyumba za kijijini kwetu ni za mbao. Zinasimama juu ya nguzo, zinaangalia mto. Asubuhi Baba anakwenda kugema mpira. Mama anashuka gatini kuoga, anafua, anapata habari zote za kijiji kabla sabuni haijakauka. Mchana anakausha samaki. Na kila siku yanapita matishari ya makaa ya mawe. Likipita moja, wimbi linakuja, linamega ukingo. Leo kidogo, kesho kidogo.

Maji yakikaribia nguzo za mbele, tunahama. Majirani wanakuja na nyundo. Nyumba inafunguliwa ubao kwa ubao, inajengwa tena nyuma kidogo. Wanawake wanapika wali na samaki wa mchuzi wa nazi. Siku sita, kazi imekwisha. Sisi tumerudi nyuma mara tatu. Mwenye kiwanja cha nyuma husema tu, "Rudi, jirani, rudi." Mnakunywa kahawa, basi. Hakuna anayeandika kitu.

Na kwetu watu wote wanaamini hivi: nyumba ikihama, kiwanja kinaifuata.

Sasa, mwaka jana ikaja habari. Serikali itapima viwanja vyote vya kijiji, na kila mtu atapata hati ya ardhi yake. Wapimaji watakaa siku nne tu.

Baba, jina lake Jamhuri, akatoa karatasi ya zamani ya babu. Imeandikwa: kiwanja kinaanzia mtoni, kinakwenda nyuma pima ishirini. Baba akasimama ukingoni, akanyoosha mikono, akaanza kupima. Pima moja, pima mbili. Kigingi cha mwisho akakipiga katikati ya mihogo ya jirani yetu wa nyuma, Mjomba Mastur.

Mjomba Mastur alikaa mjini miaka mingi. Alirudi baba yake alipofariki. Akatoka nje na kikombe mkononi.

"Jamhuri! Mihogo yangu imeanza kuota vigingi?"

"Hapo ni kwangu," Baba akasema. "Pima ishirini kutoka mtoni. Mina, msomee."

Nikasoma. Mjomba akacheka, akaingia ndani, akaleta karatasi yake. "Na hii isome, mwanachuo."

Nikasoma ya pili. Ilisema kiwanja chake kinaanzia kwenye shina la mti wa mdurian. Nikarudi kwenye ya babu. Na yenyewe, mstari wa chini kabisa: pima ishirini, *mpaka kwenye mdurian*.

Mdurian wenyewe ulikatwa zamani, lakini kisiki kipo. Kiko mbele ya ngazi zetu. Mama hukikalia akipara samaki! Maana yake nyumba yetu yote iko nyuma ya mpaka. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

"Lakini baba yako mwenyewe ndiye aliyesema turudi!" Baba akafoka.

"Alikuandikia?"

"Aandike nini? Tulikunywa kahawa!"

"Basi wapelekee wapimaji kikombe."

"Mastur, ardhi yangu imekwenda wapi?"

"Iko mtoni. Mdai mto, usinidai mimi!"

Baba yangu ni mtu mzuri, lakini akikasirika hana akili. Alichukua mianzi, akaziba njia ya kwenda gatini. Njia hiyo inapita ubavuni mwa nyumba yetu, na ndiyo njia pekee ya Mjomba kufika mtoni. Siku mbili mke wake alizunguka na ndoo mpaka gati la msikitini. Akipita mbele yetu anakohoa kwa nguvu. Hana kifua wala mafua. Sisi tunaangalia pembeni.

Siku ya tatu wapimaji wakafika kwetu. Mkubwa wao ni Bi Herna, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira. Aliangalia kigingi, akaangalia mianzi, akaangalia nyuso.

"Hapa pana ugomvi," akasema. "Mimi sipimi penye ugomvi."

"Pima tu, ugomvi ni wetu," Baba akasema.

"Hapana, Baba Mina. Kila mpaka una majirani wawili. Wote wawili wasimame hapa, waoneshe, wakubali, waweke sahihi. Msipokubaliana, viwanja vyenu vyote viwili naviacha. Kesho jioni tunaondoka."

"Tutasubiri mwakani."

"Mwakani sijui kama tutarudi. Na maji je? Yakifika tena kwenye nguzo, utarudi wapi? Nyuma ya nyumba ni kwa jirani, na jirani hamsemeshani."

Mimi nikaziangalia nguzo zetu. Nyumba inafunguka ubao kwa ubao, sawa, lakini mbao ukishazifungua unazisimamisha wapi? Hewani?

Mama akamkaribisha Bi Herna ngazini. "Hebu tueleze, dada. Nani ana haki?"

"Karatasi zenu zote mbili ni za kweli," Bi Herna akasema. "Lakini ardhi iliyoliwa na mto imekwenda. Hairudi kwa kupima upya kutoka kwenye maji ya leo, ukamsukuma jirani. Ukingo wenyewe hatumwandikii mtu, tunauacha. Mpaka wenu ni kisiki. Kama mzee wa jirani yenu alikupeni ruhusa ya kukaa nyuma ya kisiki, ilikuwa wema wake. Neno la mdomo hufa na mwenye mdomo. Sasa mwanawe akikubali kuachia sehemu ile, mnaandika mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na mashahidi wawili. Hapo ndipo inakuwa yenu."

"Na mimi napata nini?" Mjomba Mastur akauliza kutoka kwenye mihogo. Kumbe anasikiliza!

Mama akainuka, akaenda kwenye ile mianzi ya Baba, akaing'oa. Mmoja. Wa pili. Wa tatu.

"Mastur," akasema, "mkeo atakohoa mpaka lini? Wewe una ardhi, huna njia ya maji. Sisi tuna njia ya maji, hatuna ardhi. Tuachie pima nane hizi zilizobeba nyumba. Sisi tunakuandikia njia, upana hatua mbili, mpaka gatini. Iwe yako, na ya watoto wako. Hakuna wa kuiziba tena."

Mjomba akamtazama Baba. "Hata akikasirika?"

"Hata akivimba akapasuka," Mama akasema.

Bi Herna alicheka mpaka akashika ukuta. Mjomba naye akacheka. Baba alijaribu kununa, ikamshinda.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikaandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Pima nane kwetu, njia ya hatua mbili kwa Mjomba. Wakaweka sahihi wote, na mashahidi wawili. Halafu tukarudi, tukapiga vigingi vya mti mgumu usiooza. Kila kona, Baba anashika kigingi, Mjomba anapiga nyundo. Bi Herna akapima nyuma yao.

"Na mkihama tena," akatuambia, "andikeni kabla ya kufungua ubao wa kwanza."

Halafu akafungua daftari lake. "Hati iandikwe jina la nani?"

Kwetu jibu linajulikana, ni jina la baba. Baba akajikuna shingo. Akasema, "Andika langu na la mke wangu, Masitah. Yeye amepata pima nane. Mimi nilipata kigingi."

Na leo asubuhi, jamani, hati imefika! Nimeishika mikononi mwangu! Mama hakutaka nimsomee. Alijifunza kusoma uzeeni, na anasoma polepole, kidole kikitembea chini ya herufi. Alipofika kwenye jina lake alisimama. Akalisoma. Akalisoma tena kwa sauti, mpaka mke wa Mjomba akaitikia kutoka nyumbani kwake, "Tumesikia, Masitah! Hongera!"

Nakwenda jamani, naitwa. Ngazini wamesimama watu wa nyumba saba na karatasi zao za zamani, wanataka niwasomee. Mmoja wao, Haji Bahrun, tayari amegundua kwamba jiko la mkwewe liko kwenye kiwanja chake, na mkwe mwenyewe ndiye huyo anapanda ngazi. Yatakayotokea hapo kesho mtayasikia kwangu, kabla hayajafika gatini.