Mkono wa Kushoto

Asubuhi tulifagia uwanja kama kawaida, vumbi likatimka mpaka maduka ya jirani, muuza mabegi akatufokea. Kisha tukaingia darasani kubanana. Darasa la Saba tulikuwa zaidi ya mia, na mwalimu wa hisabati mmoja tu, Mwalimu Polycarp. Sauti ilishamkauka maskini.

Wenye nazo pale Kariakoo watoto wao hupanda mabasi ya njano, wakasome shule za kulipia. Tuliobaki ni watoto wa mama lishe, wachuuzi na wapagazi. Mimi Anfal, baba yangu anauza vitambaa Mtaa wa Msimbazi.

Siku hiyo Mwalimu Mkuu, Mwalimu Abbasi, aliingia amevaa tai.

"Leo anakuja mkaguzi. Akiuliza swali, wote nyoosheni mikono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Msiniaibishe!"

"Kama mwaka jana," Zakayo, jirani yangu wa dawati, akaninong'oneza. Yeye alikuwa mtu wa kushoto siku zote.

Mkaguzi, Bi Saadiya, aliandika hesabu ya sehemu ubaoni. Mikono yote ikapanda. Mwalimu Polycarp akamchagua mwenzetu Parth, aliyenyoosha wa kulia, naye akajibu barabara.

"Hongereni!" Bi Saadiya akafurahi. "Nina mwalimu mmoja wa hisabati, nilidhani mnamhitaji. Kumbe hamna shida! Basi nitampeleka shule nyingine."

Loo! Hasira zilinipanda. Mwalimu Polycarp aliinamisha kichwa. Mwalimu wa pili tuliyemlilia mwaka mzima anapelekwa kwingine hivihivi, na sisi tunapiga makofi?

Nikasimama.

"Samahani, Bi Mkaguzi. Waulize walionyoosha mkono wa kushoto."

Mwalimu Mkuu alinitolea macho. Bi Saadiya akamwita Zakayo.

"Sijui," Zakayo akasema.

Akamwita mwingine. "Sijui." Wa tatu akaanza kulia.

"Nilitaka kulinda jina la shule," Mwalimu Mkuu akasema kwa sauti ndogo.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Bi Saadiya akamjibu. "Mwaka jana mliniambia hamna shida, nami nikaamini. Basi mwalimu yule atakuja hapa."

Mwalimu mpya, Mwalimu Tarsis, alikuja kweli. Darasa likagawanywa mawili, hata wa nyuma wakauona ubao. Lakini mtihani wa kumaliza Darasa la Saba ulikuwa umebakiza wiki mbili tu. Matokeo yalipotoka, jina la Zakayo halikuwamo kati ya waliofaulu. Sasa anasukuma mkokoteni sokoni, na tukikutana hujifanya hajaniona. Inaniuma sana.

Nilikwenda kumlalamikia Mwalimu Polycarp. "Nilisema ukweli, mwalimu. Mbona ukweli huo haukumsaidia Zakayo?"

Alifuta chaki mikononi.

"Umewasaidia wadogo zake wa madarasa ya chini," akasema. "Zakayo tulimwangusha sisi wakubwa, mwaka jana, tulipoona haya kusema tumeshindwa. Ukiwa na shida, mwanangu, iseme mapema. Ukingoja aibu iishe, kuna mtu ataumia."