Ngozi ya Babu Kichwani mwa Kitanda

Nzi wa kwanza Gladness alimkuta amezama kwenye mafuta, juu ya shuka jeupe alilolifua jana yake. Mafuta yalitiririka kutoka kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda, ya manjano, mazito, yakinuka samli iliyochacha.

Ubao huo ndio uliomaliza ugomvi wao wa kwanza tangu waoane. Gladness, binti wa Bukoba, alitaka chumba cheupe, pazia hadi kuta. Mumewe Shimba alitaka ngozi ya ng'ombe ya marehemu babu yake, mganga wa Bujora, iwemo humo humo. Haya, wakapatana: ngozi ikapelekwa kwa fundi makochi wa Nyegezi, ikakatwa vipande, ikajazwa sponji, ikawambwa kwenye ubao huo kwa vifungo vyeupe. Wageni wakasifia. Shimba alijua fika kwamba ngozi ya mganga hukunjwa ikahifadhiwa, haikatwi. Alinyamaza tu ili amfurahishe mkewe, mjinga yule.

Gladness alisugua kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa dawa ya choo. Mafuta yakarudi. Jumapili moja mchana, amejinyoosha baada ya chakula, akasikia nyuma ya kisogo chake kitu kikicheua, taratibu, kikisaga majani na mate, na pumzi ya moto yenye harufu ya utumbo usiooshwa ikamshukia usoni, ikamwingia puani, ikamkaa kooni, hata akatapikia mto kabla hajapata nguvu ya kuinuka.

"Shimba, hunusi?" alinong'ona.

"Mimi nasikia harufu nzuri tu, mke wangu."

Gladness akaogopa kuliko alivyoogopa ile pumzi. Alimpenda mno mwanamume huyu. Akampigia simu shangazi yake Shimba, mama Masalu, aliyejifunza uganga kwa yule babu, naye akaja jioni hiyo hiyo, moja kwa moja hadi chumbani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kaikata ngozi hii?"

Hakungoja jibu. Akachana ubao kwa kisu. Sponji lilikuwa limegeuka uji wa kijivu, linachemka funza, na harufu yake ilimtoa Gladness machozi. Mama Masalu akainama, akasikiliza muda mrefu.

"Humu hamna kitu tena," alisema kwa sauti ya chini. "Jini la mzee limehama."

"Limekwenda wapi, shangazi?"

"Ukilikatia ngozi yake, linatafuta nyingine iliyo nzima. Wewe hunuki harufu yake. Nani mwingine analala hapa?"

Shimba aliingia wakati huo huo, ametoka kuoga, msafi, anatabasamu. Akamkumbatia mkewe. Mikono ilikuwa ile ile, joto lile lile, na Gladness akalia kwa faraja, akamwinulia uso.

Ulimi mpana, mzito, wenye mikwaruzo, ukampitia kutoka kidevuni hadi kwenye nywele.

Mama Masalu alirudi kinyumenyume hadi ukutani. Gladness akainua kiganja ajifute, lakini Shimba akaushika mkono wake kwa upole.

"Usifute machozi," alisema. "Yana chumvi."