Kioo cha Salome Kilichopinda

Meza ilikuwa tupu upande wa mbele. Kompyuta ipo, kibodi ipo, kipanya kipo, hata spika zipo. Kilichokosekana ni monita. Mahali ilipokuwa imesimama pamebaki alama ya mguu wake kwenye vumbi, na pembeni adapta yake ya umeme ikiwa bado imechomekwa ukutani.

"Nani amegusa hapa?" Inspekta Generoza aliuliza.

"Hakuna, afande," Salome alijibu. Macho yalikuwa yamemvimba. "Niliingia Ijumaa asubuhi nikaona pengo, nikapiga kelele. Basi."

Konstebo Chacha akafungua kisanduku chake, akaanza kunyunyiza unga wa kunasia alama za vidole. Komeo la mlango lilikuwa limeng'olewa kwa nondo. Kazi ya pupa hiyo, si ya fundi.

Generoza alikuwa amekasirika tangu anashuka kwenye gari. Walipoingia senta ya Nyamalulu kutoka Ushirombo, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa mtu mzima amefungwa kamba kwenye nguzo ya mashine ya kukoboa mpunga, watu wanapita na madumu yao ya maji kana kwamba wamefunga mbuzi. Alikuwa Mageni, mlinzi wa fremu za maduka, studio hii ikiwemo. Generoza aliikata ile kamba mwenyewe, kwa kisu cha muuza matikiti.

"Nani kamfunga?"

"Sungusungu, afande," muuza matikiti alijibu. "Ndiye mwizi. Leo mchana kuna mkutano, anatengwa."

Loo! Kamba Generoza aliweza kuikata. Kutengwa hakuna kisu chake. Mtu aliyetengwa hapewi moto, hachotewi maji, hasalimiwi, na akifiwa haji mtu na jembe. Polisi hawezi kumkamata mtu kwa kosa la kutosalimia.

"Haya, niambieni," alisema sasa, akavuta kiti. "Hiki kitu kina nini hadi kiibwe peke yake?"

Salome alimtazama kaka yake Davis. Studio ilikuwa yao wote wawili. Mchana Salome anahariri video za kwaya na harusi, jioni Davis anachezesha gemu vijana.

"Tuligombania hicho kioo msimu mzima," Salome alisema. "Mimi nilitaka rangi za kweli. Kile cha zamani kiliniaibisha. Majoho ya kwaya ni zambarau, mimi kwenye kioo naona zambarau, video ikafika kwenye simu za watu ni bluu. Nilisemwa mpaka mlangoni pa kanisa."

"Mimi nilitaka kasi," Davis akadakia. "Ukigeuza gari kwenye gemu, picha isikwamekwame."

"Na tulitaka kipana, ili nione video yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kusogeza. Lakini kipana kikiwa bapa, pembeni unakunja shingo. Ndipo tukachagua kilichopinda. Kinakuzunguka, pembe zote ziko sawa na macho. Tuliuza mpunga wote wa mama kwa ajili yake, afande. Wote."

"Wezi wa mjini wangekitaka?"

Davis alitikisa kichwa. "Mwizi anayejua angebeba kompyuta. Ndani kuna kadi ya gemu, ndogo lakini ya bei, unaitia mfukoni. Huyu kaacha kadi, kaacha hata adapta. Bila adapta hakiwaki."

Generoza aliitazama ile adapta. Mwizi asiyejua alichoiba, na hakuja kuuza. Sasa kaja kufanya nini?

Mageni alikuwa amekaa kwenye benchi nje, anasugua viganja. Alama za kamba zilikuwa zimechora mikono yake.

"Ulikuwa wapi usiku wa Alhamisi?"

"Hapahapa. Mpaka nikasikia mwano."

"Mwano ndiyo nini?" Chacha aliuliza. Yeye ni mtu wa Tarime.

"Yowe la ng'ombe walioibwa, afande. Ukilisikia unakimbia na upinde wako. Usipokimbia unatozwa ng'ombe, au unatengwa. Ndiyo sheria. Lilitoka upande wa bondeni, nikakimbia. Wote tulikimbia. Tukafika, hakuna ng'ombe aliyeibwa, hakuna mwizi, hata aliyepiga yowe hayupo. Niliporudi, mlango uko wazi."

"Kwa hiyo usingekimbia ungetengwa."

"Ndiyo."

"Na umekimbia, unatengwa."

Mageni alisugua tena viganja. Kisha akasema polepole, "Mama yangu yuko kitandani, afande. Padri ameshampaka mafuta ya wagonjwa. Mimi si mtoto, naweza kwenda kuchimba dhahabu hata Geita, nikaishi. Ila nikitengwa leo, na mama akafa kesho, kaburi lake nani atalichimba?"

Generoza alisimama. Akaona asipoondoka pale atamtukana mtu asiyehusika.

Mwenyekiti wa kitongoji, Ansgar, aliwapokea sebuleni kwake kwa ukarimu wote. Nyumba nzuri, sakafu ya vigae, televisheni kubwa ukutani, na mabenchi yamepangwa mpaka dirishani kama ya kanisa.

"Karibu sana, afande. Tungekuletea huyo mtu wenyewe, hukuwa na haja ya kusumbuka."

"Huyo mtu amekutwa na nini?"

"Ameacha lindo."

"Aliitikia mwano."

"Lindo ni lindo." Ansgar alitabasamu. "Sheria ni msumeno, afande. Hukata mbele na nyuma."

"Na wewe ulikimbia kwenye mwano?"

"Mimi? Homa ilinilaza. Muulize mke wangu, Mama Klara."

Generoza aliketi kwenye benchi. Alipoinuka, sketi yake nyeusi ya sare ilikuwa imejaa vumbi. Akaifuta taratibu, akilihesabu lile vumbi kuwa jambo la kuuliza: mabenchi haya hayakaliwi siku nyingi.

"Mabenchi mengi hivi ya nini?"

"Ya mpira!" Kwa mara ya kwanza Ansgar alichangamka. "Miaka yote, siku ya mechi hapa hapakaliki. Wazee, vijana, wote kwa mwenyekiti. Sasa hao watoto wamelogwa na magari ya kwenye kioo cha yule binti. Hata wazee! Ati wanakwenda kujiona kwenye kwaya." Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mambo ya kupita tu hayo."

"Yamepita kweli," Generoza alisema. "Kioo si kimeibwa?"

Mkutano ulikaa mchana kwenye uwanja wa mashine ya mpunga. Wanaume na pinde zao mbele, wanawake kwenye kanga nyuma. Mageni alisimamishwa katikati, na Ansgar akaanza kusema habari za amani, maendeleo na maadili. Generoza alihamia nyuma kwa wanawake, asije akamkatiza mtu bila ushahidi mkononi.

Akajikuta kando ya mwanamke mnene, mpole wa uso, mwenye kibonge cha uzi mweupe mapajani. Sindano ya kufumia ilikuwa inakwenda haraka kuliko hotuba.

"Mwadila, mayo," Generoza alimsalimu Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, afande. Mimi Mama Klara, wa mwenyekiti."

"Mikono yako haipumziki."

"Mkutano ni wa masikio. Mikono nayo ikae bure?"

"Unafuma kitambaa cha kochi?"

"Cha TV."

Generoza alikua kwenye nyumba ya vitambaa. Mama yake alifunika redio, alifunika jagi, angeweza angemfunika na jogoo. Kitambaa cha televisheni alikijua hata gizani: mstatili, juu pamenyooka, chini maua. Hiki kilikuwa kirefu kwa upana na kifupi kwa kwenda chini, na ule ukanda wa juu ulikuwa umezunguka kama ukingo wa sahani. Alikilaza juu ya goti. Hakikulala.

"Mbona kimepinda huku juu?"

"Si TV yenyewe imepinda!" Mama Klara alicheka kwa sauti ya chini. "Mimi nilipoiona nilisema, masikini, imekunjwa na mizigo kwenye basi. Baba Klara akanicheka, akasema za siku hizi ndivyo zilivyo. Nimekifuma na kukifumua mpaka uzi umechoka. Kitambaa cha kawaida kinaninginia katikati, hakishiki."

"Inaonyesha vizuri?"

"Haijawashwa bado. Waya wake wamesahau dukani Kahama, ameagiza."

Generoza akakirudisha kile kitambaa mapajani mwa Mama Klara. Adapta ilikuwa bado ukutani kwa Salome.

"Imefika lini, mayo?"

"Ijumaa nilipoamka nikaikuta uvunguni. Ni ya siri, anataka kuwashangaza watu siku ya fainali. Lakini kitambaa si siri, afande. Nyumba gani haina kitambaa? Na kioo ukikiacha uchi, vumbi hili la Nyamalulu..."

Sindano ikasimama. Kule mbele Ansgar alikuwa akitamka kwa mdomo mpana, "usiku ule wa Alhamisi."

"Iliyoibwa kwa Salome," Mama Klara alisema, "si walisema ni kompyuta?"

Generoza alimwekea mkono begani. Kisha akainuka.

Aliwaomba wazee wawili wawe mashahidi huru, akamfuata Ansgar pale mbele, akamwambia mkutano usubiri, wakaenda wote nyumbani kwake. Mama Klara mwenyewe ndiye aliyefungua mlango wa chumba. Chini ya kitanda, ndani ya blanketi la kijivu, monita ya Salome ilikuwa imelazwa kifudifudi, imezungushiwa foronya kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto. Kwenye fremu yake Chacha alinasa alama za vidole vizuri kabisa, na ya kiganja iliyofanana na ile aliyokuwa ameinasa mezani kwa Salome.

"Ansgar, huna lazima ya kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hii umeinunua duka gani Kahama?"

Ansgar aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Nani alipiga mwano?"

"Mimi."

"Kisha ukazunguka kwa nyuma na nondo."

"Nilijua Mageni lazima akimbie. Sheria inamlazimu."

"Na kwa nini ukataka atengwe? Kioo ulikuwa nacho tayari!"

"Watu wangeuliza maswali. Akishahukumiwa mtu, maswali yanaisha."

Mmoja wa wale wazee aligeukia ukuta. Generoza aliendelea, sauti yake imeshuka, na waliomjua kituoni wangesogea mbali.

"Ulijua mama yake yu mahututi?"

"Nilijua."

"Ulijua akifa leo, hakuna mtu wa kitongoji hiki angekwenda na jembe?"

"Nilijua."

"Ng'ombe unao. Nyumba unayo. Televisheni unayo ukutani, kubwa kuliko hii. Sasa ulitaka nini, Ansgar?"

Mwenyekiti alitazama sakafu yake ya vigae. Alipozungumza, ilikuwa sauti ya mtoto aliyenyimwa.

"Kulikuwa na mechi kubwa. Nilinunua kreti nzima ya soda, nikapanga mabenchi. Hakuja mtu. Hata mmoja. Mke wangu alikunywa moja, mimi moja. Nilizisikia kelele zao kule kwa binti, wananishinda kwa kelele nyumbani kwangu mwenyewe." Akameza mate. "Nilitaka warudi kuangalia mpira kwangu."

"Kwa ajili ya mpira," Generoza alisema.

"Kwa ajili ya watu, afande."

"Watu! Ulikuwa unamnyima mtu kaburi la mama yake, halafu unaniambia watu!" Aligonga kabati kwa ngumi, kioo cha kujitazamia kikatikisika. "Inuka. Utakwenda kuyasema hayo palepale uliposimama kuhutubia."

Ansgar aliyasema. Alipofika kwenye habari ya mwano, wanaume waliinua pinde zao. Mwano hauchezewi, ndio unaolinda ng'ombe wa kila mtu pale. "Atengwe!" mmoja alipaza sauti. "Atengwe na nyumba yake yote!" uwanja ukaitikia.

"Nyamazeni!" Generoza aliwakemea. "Hamna haya? Asubuhi mmemfunga mtu kwa kutii sheria yenu wenyewe, mkampitia na madumu! Kamba bado iko pale chini. Nani aliifunga? Ajitokeze!"

Hakujitokeza mtu. Watu waliangalia miguu yao.

Mageni ndiye aliyesema, na alisema taratibu.

"Msimtenge. Mama Klara naye ana watu wake wa kuzika. Mwachieni afande." Akaokota upinde wake, akaufuta vumbi. "Mimi naenda kwa mama."

Aliondoka peke yake. Kisha wanaume wawili, ndio waliokuwa wamemfunga, wakamfuata, mbali kidogo nyuma, bila kuongea. Yeye hakugeuka.

Ansgar alipandishwa kwenye gari. Chacha alibeba monita kama kielelezo, Salome na Davis wakiisindikiza kwa macho mpaka ilipolazwa kwenye kiti.

"Itarudi," Generoza aliwaambia. "Mahakama ikimaliza, itarudi, na nitaileta mwenyewe."

Kisha akamwendea Mama Klara. Mwanamke yule alikuwa amerudi kuketi palepale pa mwanzo, na wenzake wameshasogeza kanga zao mbali naye.

"Mayo, nisamehe. Na kitambaa nakihitaji. Ni kielelezo."

"Najua." Hakuinua uso. Sindano ilikuwa imerudi kazini. "Nipe dakika, afande. Umebaki mstari mmoja. Sitaki wakanicheke mahakamani kwamba niliacha kazi katikati."

Dereva alipiga honi. Generoza alimgeukia kwa ghadhabu, akamwonyesha kidole azime injini. Halafu akaketi kwenye vumbi kando ya Mama Klara, na sketi yake ya sare, akasubiri mpaka ule mstari ukaisha.