Vijiko vya Uji

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Chiriku alimpokea mtoto wa dada yake. Jina hilo la utani lilimfaa, maana mdomo wake haukujua likizo. Dada alikuwa fundi cherehani, na mtoto alipofikisha miezi minne alirudi kwenye mashine yake sebuleni.

"Akilia niletee nimnyonyeshe," Dada alimwagiza. "Asipewe kitu kingine, hata maji."

Lakini kila mtoto alipolia, mashine ilisimama, na nguo za wateja zilizidi kurundikana. Chiriku alimwonea dada yake huruma. Siku moja akachota uji mwepesi jikoni, akampa mtoto vijiko viwili vitatu. Mtoto akanyamaza, akalala fofofo. Dada akashona mpaka jioni.

"Mdogo wangu, mkono wako una dawa!" alimsifu.

Sifa ni tamu. Kesho yake Chiriku akarudia, na keshokutwa yake pia. Hakumwambia mtu.

Wiki haikuisha, mtoto akaanza kuhara. Alilegea, macho yakadidimia, akawa analia bila machozi. Dada alimkimbiza zahanati, Chiriku nyuma yao na kifurushi cha nguo.

Nesi aligusa utosi wa mtoto, uso ukamkunjamana. "Anakula nini?"

"Maziwa yangu tu, Nesi. Naapa."

"Basi itabidi tutafute chanzo kingine."

Chiriku alitazama sakafu. Aliona aibu, na aliogopa kuchapwa. Lakini aliogopa zaidi kwamba mtoto angekufa yeye akiwa amenyamaza.

"Mimi nilimpa uji," alisema, machozi yakimtoka. "Nilitaka Dada amalize kazi."

Dada alimgeukia. Nesi hakugomba. Alichanganya dawa ya kurudisha maji mwilini, akamnywesha mtoto kidogo kidogo, kisha akamwambia Dada amnyonyeshe. Wakakaa hapo wakisubiri. Jioni mtoto alipokojoa, Nesi alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Umefanya vyema kusema kweli, mwanangu," alimwambia Chiriku. "Lakini mpaka atimize miezi sita, chakula chake ni maziwa ya mama peke yake. Tumbo lake bado halijauweza uji, na kijiko huleta vijidudu. Tena si kila kilio ni njaa. Akiwa macho mlaze kifudifudi mkekani, mchezeshe, ajifunze kuinua shingo. Akiona njaa, mpeleke kwa mama yake."

"Hata mimi nimekosa," Dada alisema kwa sauti ya chini. "Nilifurahia kile kimya, nisiulize kimetoka wapi."

Mtoto alipopona, Chiriku alilala kifudifudi mkekani mbele yake, akimbingirishia kopo tupu. Mtoto akainua kichwa, akacheka, kisha akaangua kilio.

"Dada! Huyu sasa ana njaa!"

Mashine ikasimama. Dada akasukuma nguo pembeni.

"Mlete. Nguo itangoja, tumbo la mtoto halingoji. Na wewe ukifanya jambo lolote, jema au baya, niambie. Afadhali makelele yako, Chiriku, kuliko kimya."