Riwaya Haifumuliwi

Fundi alishona magauni katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Baba yake alikaa karibu na cherehani, akikunja vitambaa kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Yalimwacha katikati ya riwaya nene ya kurasa mia sita. Dada wa kwenye hadithi alikuwa ametoroka nyumbani, na mzee hakujua kama alirudi.

"Nisomee, mwanangu," alisema. "Nife bila kujua? Thubutu! Anza mwanzo, nimesahau mengi."

Fundi alijifunza kusoma ukubwani, miaka miwili tu iliyopita. Aliazima riwaya hiyo maktaba, akaanza kwa furaha. Lakini simu ililia, wateja walipiga hodi, mawazo yakaenda kwenye zipu iliyokatika. Alipotazama tena ukurasa, alikuwa amepotea. Basi akaanza upya, ukurasa wa kwanza. Wiki tatu nzima, hivyo hivyo!

"Huyu mjomba anaingia tena?" Baba aliuliza. "Mara ya tisa hii. Mwambie akae!"

Fundi alicheka, lakini moyo ulimuuma. Siku hiyo alikirudisha kitabu.

"Umemaliza?" mkutubi alimuuliza.

"Kurasa ishirini, dada. Mara tisa."

"Kwa nini unarudi mwanzo?"

"Mshono ukienda kombo, si unafumua?"

Mkutubi alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Riwaya haifumuliwi! Ukipotea, rudi aya moja au mbili, kisha songa mbele. Mengine yatajieleza huko mbele."

"Na watu wote hawa? Wananichanganya."

"Wateja wako unawakumbukaje?"

"Nina daftari la vipimo."

"Haya, na hawa wa kitabuni waandikie lao. Nani ni nani, mstari mmoja. Sura ikiisha, andika kilichotokea. Soma kurasa kumi na tano, saa ile ile kila siku. Simu iache chumba kingine. Ukichoka, simama, unyooshe mgongo."

Mkutubi akamwongezea muda, na Fundi akaondoka na kitabu kwapani, akitembea mbiombio.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua kazi, simu ilifungiwa kabatini. Fundi aliandika daftarini: "Mjomba: kifua kipana, mwongo." Kila asubuhi Baba aliuliza, "Jana tuliishia wapi?" Fundi alisimulia kwa ufupi, kisha akasoma. Siku nyingine mawazo yalihama. Alirudi aya moja, akaendelea. Ukurasa wa mia ukapita. Wa mia tatu ukapita! Mteja mmoja aliyewahi mno alisikiliza dirishani, akasahau gauni lililomleta. Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi.

Siku ya arobaini walifika ukurasa wa mwisho.

"Endelea!" Baba alimhimiza.

Fundi alisoma mpaka neno la mwisho, akafunga kitabu. Mzee aliruka kutoka kitini, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Majirani walikuja mbio.

"Kuna nini, mzee? Kuna msiba?"

"Msiba gani! Mwanangu amemaliza kitabu! Kurasa mia sita, hakuruka hata moja!"

Yule mteja alichungulia dirishani. Maneno ya mwisho hakuyasikia vizuri.

"Na yule dada je, alirudi?"

"Dada gani?" Baba aliuliza, huku amemkumbatia binti yake.