Bado Kidogo, Baba

Binti wa fundi matofali alikuwa na desturi moja. Akirudi kutoka shule alitupa mkoba kitandani, akavua sare, kisha akatoka nyuma ya nyumba kutazama mbingu, kabla hata ya kuuliza kumepikwa nini. Nyumbani walimwita Jicho. Jina hilo alipewa na bibi yake mzaa baba, kwa sababu mtoto yule alijua kuisoma mvua. Wengine wakiona wingu jeusi walianza kuhangaika huku na huko. Jicho alitazama upepo unavyogeuza majani, akanusa, akasikiliza ngurumo imetokea upande gani, ndipo akasema, "Hiyo inapita." Na kweli ikapita.

Kipaji hicho kilikuwa na kazi yake. Baba alifyatua matofali ya udongo papo hapo uani. Tofali likitoka kwenye kalibu, kile kiunzi cha mbao cha kulipa umbo, huwa bichi, na ni lazima lianikwe siku nyingi kabla ya kuchomwa kwenye tanuri. Ukilifunika mchana kutwa halikauki. Ukiliacha wazi mvua ikaja, linarudi kuwa tope. Kwa hiyo turubai lilikaa limekunjwa pembeni, na wote wakamtegemea Jicho. Akipaza sauti, "Funika!" baba aliacha koleo, mama aliacha sufuria jikoni, wakakimbia wote watatu na kulivuta turubai juu ya matofali. Akisema, "Bado," waliendelea na shughuli zao bila hata kuinua kichwa.

Msimu ule matofali hayakuwa ya mteja. Yalikuwa ya chumba cha Bibi. Kwa miaka mingi fundi alikuwa amewatengenezea watu matofali ya nyumba zao, huku mama yake mwenyewe akilala sebuleni, chini ya bati linalovuja. Mganga hajigangi, majirani walimtania. Lakini kifua cha Bibi kilikuwa kibovu, na kila mvua kubwa zilipoanza alikohoa mpaka akatokwa na machozi. Daktari alisema anahitaji chumba kikavu. Baba akaapa kwamba safari hii mvua kubwa zitamkuta mama yake ndani ya kuta zake.

Bibi alikuwa amekwisha kuchagua hata mahali pa dirisha. "Liangalie kule mvua inakotokea," alisema. "Mimi na mjukuu wangu tutazame umeme bila kulowa. Sinema ya bure, mtu aiache?"

Sasa, shuleni kulikuwa na mwalimu wa jiografia aliyependa mambo ya hali ya hewa. Siku moja aliwaambia wanafunzi kwamba atakayeleta video nzuri ya mvua ya radi, iliyopigwa karibu na nyumbani kwake, video yake itaonyeshwa mbele ya shule nzima. Darasa lote likageuka kumtazama Jicho.

"Huyu hata asihangaike," alisema rafiki yake, msichana waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. "Mvua yenyewe ni shoga yake. Ataipigia simu ije!"

Jicho alicheka, lakini maneno yale yalimwingia. Tangu siku hiyo akawa anaazima simu ya mama kila wingu lilipojikusanya. Alipata mawingu, alipata upepo, alipata hata kuku wa jirani akipeperushwa. Umeme hakuupata. Umeme mzuri huja dakika za mwisho kabla ya mvua kumwagika, na dakika hizo ndizo ambazo yeye huwa ameshika turubai.

Alhamisi mchana joto lilikuwa kali, na hewa ilikuwa imesimama. Jicho alipotoka nje aliona wingu ambalo mfano wake hajapata kuuona, limepanda juu kama mlima, chini yake pakiwa na rangi ya jivu. Akachukua simu, akapanda juu ya rundo la matofali ya zamani, akaanza kupiga video. Umeme ukapasua wingu. Mwingine ukafuata, wenye matawi, karibu zaidi.

Upepo ukageuka ghafla, ukawa wa baridi. Jicho aliijua maana yake. Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imekwisha kumfikia. Huo ndio wakati aliopaswa kupiga kelele, na alijua.

Kule kwenye shimo la kuchimbia udongo, baba alikuwa ameinama akikanyaga udongo. "Jicho!" aliita. "Vipi?"

Mwanga mwingine ukawaka. Mmoja tu zaidi, Jicho aliwaza, mmoja tu mkubwa.

"Bado kidogo, Baba!"

Baba akaendelea kukanyaga udongo. Hakutazama juu, na kwa nini atazame?

Umeme mkubwa ulikuja. Ulishuka kutoka juu ya wingu mpaka kilimani, wote ukaingia kwenye simu. Kabla ngurumo yake haijaisha, mvua ilishuka, si matone, bali maji kama yaliyomwagwa kwa beseni. "Funika!" Jicho alipiga kelele sasa. Baba alikurupuka, mama akatoka mbio na mwiko bado mkononi. Walilikamata turubai, upepo ukawanyang'anya. Walilikamata tena, likaanguka upande mmoja. Walipofanikiwa kulitandaza, chini yake palikuwa na tope jekundu linalotiririka kuelekea mtaroni. Mistari ya matofali iliyokuwa imenyooka asubuhi ile sasa ilikuwa vichuguu visivyo na pembe.

Walisimama barazani, wamelowa chapachapa. Mama alikaa chini akashika tama. Baba aliuangalia ua, kisha akaweka mkono kichwani mwa binti yake.

"Usijilaumu, mwanangu," alisema. "Mvua ya leo imekuja kwa hila. Hata jicho hupitiwa."

Jicho alifungua mdomo aseme. Alitazama uso wa baba yake, akaufunga. Laiti baba angemgombeza! Ule upole wake ulimchoma kuliko fimbo, na usiku ule hakula.

Mvua kubwa hazikusubiri mtu. Zilinyesha Ijumaa, zikanyesha Jumamosi, na Bibi akaanza kukohoa. Jumapili Shangazi alifika kumchukua akakae kwake, safari ya siku nzima kutoka pale, mpaka mvua ziishe. Bibi alikunja khanga zake taratibu huku akimtania Shangazi kuhusu chai yake nyepesi. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Unalia nini? Naenda kwa binti yangu, siendi kuzimu. Utaniangalizia mawingu ya huku. Uniambie kila kitu."

"Bibi..." Jicho alianza, akaishia kumbebea mfuko wake mpaka garini. Gari lililomchukua Bibi liliondoka, na kochi la sebuleni likabaki na shimo pale alipozoea kulala.

Jumatatu mwalimu aliiunganisha simu na projekta na spika kubwa, video ikaonyeshwa ukutani. Umeme ulipopasua wingu, shule nzima ikasema, "Ohoo!" Mwalimu alipiga makofi. Jicho alikuwa ameitazama video ile mara nyingi akiwa amezima sauti, asisikie ngurumo. Sasa, katikati ya upepo, sauti ya mwanamume ikatoka kwenye spika, wazi kabisa.

"Jicho! Vipi?"

Na sauti yake mwenyewe ikajibu, nyembamba na yenye furaha, "Bado kidogo, Baba!"

Wanafunzi walicheka. "Bado kidogo, Baba!" Chiriku aliigiza, na wengine wakaitikia. Hawakuwa na nia mbaya. Hawakujua kwamba kwa maneno yale matatu bibi mmoja alikuwa amekosa chumba. Jicho alijua. Alipokea pongezi za mwalimu akiwa ameinamisha kichwa, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni alimkuta baba uani, anazoa tope kwa koleo. Alimpa simu, video ikiwa inacheza, sauti ikiwa juu. Baba alitazama. Alitazama mpaka ile sauti iliposema, "Bado kidogo," na umeme mkubwa ukashuka, na mvua ikaanza. Kisha akasimamisha koleo.

"Ulikuwa umeijua?" aliuliza.

"Niliijua, Baba. Upepo ulikuwa umeshageuka. Nilitaka umeme mmoja zaidi."

"Na mimi nikakuuliza."

"Ukaniuliza." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Nisamehe, Baba. Nimemfukuza Bibi."

Baba alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakukasirika kwa sauti. Ilionekana tu kwamba amechoka ghafla.

"Kwanza," alisema, "umesimama juu ya rundo, uwanja mtupu, radi zinapiga kilimani. Ungekufa, mama. Ningefyatua mtoto mwingine kwa kalibu gani?" Alimrudishia simu. "Pili, kupenda umeme si kosa. Ningeogopa mtoto asiyependa kitu. Lakini mimi niliinama kule shimoni kwa sababu wewe uko juu unatazama. Umeyaazima macho yangu, ukayatumia kwa mambo yako."

Maji yakimwagika hayazoleki, na tope lile halikurudi kuwa tofali kwa machozi. Mvua zilipokatika, likizo ikawa imeanza. Jicho alikanyaga udongo asubuhi mpaka magoti yakauma. Alijifunza kujaza kalibu, kuisawazisha kwa ubao na kuigeuza bila kuvunja pembe. Viganja vilitoka malengelenge. Hakuna aliyemlazimisha, na hakulalamika.

Kitu kimoja kilimuuma kuliko malengelenge. Sasa alipopaza sauti, iwe "Bado!" au "Funika!", baba aliinua kichwa, akatazama mbingu mwenyewe, ndipo akainama tena au akakimbia. Alifanya hivyo kila mara. Labda hata hakujua kwamba anafanya hivyo. Jicho aliona kila mara.

Matofali yalikauka, yakachomwa, chumba kikasimama, dirisha likaangalia kule mvua inakotokea. Bibi akarudi, amekonda, kifua kikiwa bado kinakoroma, lakini mdomo ukiwa mzima. Alipapasa kila kona ya chumba, akakaa kitandani. "Kumbe na mimi nina mlango wa kumfungia mtu nje!" alisema, akacheka mpaka akakohoa. Jicho akamweleza yote, palepale, bila kuficha. Bibi alisikiliza akimshika mkono wenye makovu ya malengelenge.

"Baba bado anatazama juu," Jicho alimalizia.

"Atatazama," alisema Bibi. "Tofali bichi, mjukuu wangu, linakauka kwa siku nyingi, linayeyuka kwa mvua moja. Na uaminifu ni hivyohivyo. Mtu akikuamini amekuanikia kitu chake uani. Usikiache kilowe. Na kikilowa kwa kosa lako, fyatua upya, usubiri kikauke."

Alasiri moja, baba akiwa na matofali mabichi ya mteja uani, wingu zito lilipanda nyuma ya kilima. Umeme ulikuwa mzuri sana. Simu ya mama ilikuwa kwenye meza ya barazani, karibu na mkono wake. Jicho alinusa upepo.

"Funika!"

Baba aliacha koleo, akalikimbilia turubai. Safari hii hakuinua kichwa kutazama mbingu. Walilitandaza, wakaliwekea mawe, na matone ya kwanza yakadondoka juu yake. Jicho alisimama pale kwenye mvua, akimtazama baba yake akijifuta uso, mpaka Bibi alipogonga dirisha kutoka ndani.

"Wee Jicho, ingia! Na hiyo simu ya mama yako uje nayo. Sinema imeanza."