Fuvu Lenye Jino la Dhahabu

Mifupa ilikuwa kamili, ila haikuwa na kichwa.

Inspekta Zahraa alichuchumaa penye ukuta uliobomolewa, katika chumba cha chini cha nyumba kongwe karibu na maghorofa ya mtaa wa St. James Town. Kando ya mifupa zilikuwepo chupa za wiski za enzi zile pombe ilipopigwa marufuku.

"Kichwa kilikuwepo, dada," alisema mwenye nyumba, Joyeuse, Mkongo aliyefurahi kumpata askari anayejua Kiswahili. "Nilikipiga picha, nikapanda juu kuwaita ninyi polisi. Kurudi, hakuna!"

Zahraa aliitazama picha kwenye simu. Fuvu lilikuwa na tundu la risasi kwenye paji la uso na jino moja la dhahabu.

"Mlango wa uani?"

"Umefungwa, kama nilivyouacha."

Kitasa hakikuwa na mkwaruzo. Mwizi alikuwa na ufunguo. Lakini nani amtake marehemu wa karibu miaka mia?

"Nyumba uliinunua kwa nani?"

"Kwa mzee Evans, jirani. Kitasa sijabadilisha. Naye alinisikia nikipiga kelele."

Sebuleni kwa Evans ilitundikwa picha ya wanaume wawili kando ya boti. Mmoja alitabasamu. Jino lake liling'aa.

"Huyu ni nani?" Zahraa aliuliza kwa Kiingereza.

"Thomas, ndugu yake babu yangu. Walivusha wiski ziwani kwenda Marekani. Genge hasimu la Doyle lilimuua, likamtosa majini."

"Alitoswa ziwani, akafikaje kwenye ukuta wenu?"

Mzee aliigeuza picha ikaelekea ukutani.

"Uliogopa tutamtambua kwa jino. Fuvu liko wapi?"

"Kabatini, pale ukumbini."

"Nani alimpiga risasi?"

"Babu yangu. Waligombania uongozi wa genge lao. Akamzika ukutani, akamsingizia Doyle, kisha akamuua Doyle na kudai ni kisasi. Baada ya hapo magenge yaliuana ovyo. Baba alinisimulia nikiwa kijana."

"Wote wamekufa, mzee. Kuficha mabaki ya binadamu ni kosa. Kwa nini ujitie matatani?"

Evans alitupa jicho jikoni, mkewe alikokuwa akiosha vyombo. Akashusha sauti.

"Nora ni mjukuu wa Doyle. Siku ya harusi yetu alipiga magoti mbele ya baba yangu, akaomba radhi kwa damu ya Thomas. Baba akaipokea radhi ile. Mimi niliujua ukweli, nikanyamaza. Niliogopa ataniacha."

Jikoni maji yaliacha kumwagika. Nora alisimama mlangoni, mikono ikidondosha povu.

"Babu yangu hakumuua?"

"Hakumuua, Nora."

Nora alimpita mumewe. Kisha akaenda kabatini, akatoa mfuko, akamkabidhi Zahraa kwa mikono miwili.

"Andika yote aliyosema, Inspekta," alisema. "Halafu nipeleke kwa dada yangu. Hajasema nami tangu siku ile nilipopiga magoti."